Maktaba nyepesi ya JSON hulemewa na ahadi zake

Sarufi nzima ya JSON, muundo wa maandishi ambao programu hutumia kubadilishana data, inaenea nyuma ya kadi ya biashara. Alama sita za muundo, maneno matatu ya true, false na null, stringi (maandishi ndani ya alama za kunukuu), namba, na aina nne za nafasi tupu. Basi. Ndiyo maana karibu kila aliyekaa na lugha ya C kwa muda huishia kuandika kichanganuzi chake mwenyewe, yaani msimbo wa kuisoma JSON, na ndiyo maana kichanganuzi hicho hufanya kazi siku hiyohiyo. Kinasoma faili la majaribio, kinachapisha mti wake vizuri, na mwandishi anakiweka hadharani kwa maelezo ya mstari mmoja: chepesi, hakitegemei kitu kingine. Nami nilifanya vivyo hivyo.

Kazi yenyewe huanza baadaye, pale watu usiowajua wanapoanza kukitumia. Nimeitunza maktaba yangu, yaani msimbo huo unaowekwa ndani ya programu za wengine, kwa miaka sasa, na uzito wake sijauona kwenye idadi ya mistari ya msimbo. Uko kwenye ahadi. Kila funksheni unayoitoa nje, kila tabia ambayo mtumiaji anaweza kuiona, ni deni. Maboresho yangu mengi ya maana yalikuwa ama kufuta deni la zamani, ama kukataa jipya kabla halijaandikwa.

Toleo la kwanza lilijenga mti. Kila thamani ilipewa nodi yake kwa malloc, funksheni ya C ya kuomba kumbukumbu: vielekezi (anwani za kumbukumbu) vitatu vya jirani wa kushoto, jirani wa kulia na mtoto, kisha aina ya thamani, kielekezi cha jina, kielekezi cha maandishi, namba nzima na namba ya desimali. Kwenye mashine ya biti 64 jumla ni baiti 64 kwa nodi, hapo hujahesabu kile ambacho malloc yenyewe hujiwekea pembeni. Sasa chukua orodha kama [1,2,3,4]. Kwenye faili kila namba imekula baiti mbili, tarakimu na koma yake. Kwenye mti kila moja inakula 64. Faili la megabaiti moja lililojaa tarakimu mojamoja linavimba kufikia megabaiti 32, na kuisafisha kumbukumbu ukimaliza ni kupita nodi kwa nodi ukiita free, inayorudisha kumbukumbu, mara laki tano.

Si kwamba mti ni ubunifu mbaya. cJSON, maktaba nyingine ya C iliyoanza mwaka 2009, ina umbo hilohilo na watu wanaipenda, kwa sababu mti unatembeleka kirahisi. Lakini mti unaahidi mambo mengi: kwamba utaweza kubadilisha thamani, kuongeza tawi, kufuta tawi, kuhamisha tawi kutoka mti huu kwenda ule, kisha kuandika yote upya. Watumiaji wengi niliowaona walitaka kitu kimoja tu, kusoma sehemu tatu au nne kutoka jibu la seva na kulitupa lililobaki.

Kwa hiyo mti uliondoka. Mahali pake nikaweka tokeni, kwa njia ambayo maktaba nyingine ndogo, jsmn, ilikwisha kuionyesha: kila thamani ni namba nne ndogo, yaani aina, mahali inapoanzia kwenye maandishi, mahali inapoishia, na idadi ya watoto. Baiti 16. Anayeita ndiye anayeleta safu ya tokeni, na maktaba haiiti malloc hata mara moja. Tokeni zikiisha, inarudisha kosa na mtu analeta safu kubwa zaidi. Maandishi yenyewe hayanakiliwi wala kuguswa. Ahadi iliyobaki ni moja, na inamhusu mtumiaji kuliko inavyonihusu mimi: usiyafute maandishi yako kabla hujamaliza kuzitumia tokeni. Wako walioona hilo ni usumbufu, na walikuwa na haki ya kwenda kwenye maktaba zenye mti. Sikuwahi kuandika ukurasa wa kuwabembeleza warudi.

Halafu zikaja namba. Ukiniuliza muda wangu uliishia wapi, nitakuonyesha faili la namba.

Anayeanza huikabidhi kazi ya kugeuza maandishi kuwa namba kwa strtod, funksheni iliyomo kwenye maktaba ya kawaida ya C, na kwa muda mrefu kila kitu kinakwenda salama. Tatizo ni kwamba strtod husikiliza mipangilio ya lugha ya programu nzima. Programu ya C huanza ikiwa kwenye mipangilio isiyo na upande, ambamo nukta ndiyo alama ya desimali. Siku maktaba yako inapowekwa ndani ya programu yenye madirisha na vitufe, ambayo imeita setlocale, funksheni ya kufuata desturi za lugha ya mtumiaji, kwa heshima zote, kwenye kompyuta iliyopangwa kwa desturi za Ujerumani au Ufaransa, alama ya desimali inakuwa koma. Hapo "3.14" inasomwa kuwa 3. Hakuna kosa linaloripotiwa. Majaribio yako yote yanapita, maana yanaendeshwa peke yake, nje ya programu ile. Na ripoti unayoipata inasema tu kwamba bei au vipimo vimepoteza desimali kwa baadhi ya watu.

Upande wa pili, strtod ni karimu mno. Inakubali "0x10". Inakubali "inf" na "nan". Inakubali alama ya kujumlisha mbele, na inaruka kimyakimya hata nafasi tupu ambazo JSON haizitambui. JSON inakataa vyote hivyo, pia inakataa sifuri za mbele kama 007 na nukta isiyotanguliwa na tarakimu kama ".5". Kwa hiyo kazi lazima igawanywe: kwanza hakikisha kwa sarufi kwamba baiti hizi ni namba halali ya JSON, ndipo uzigeuze.

Kuzigeuza nako kuna mitego yake. Mapema mwaka 2011 ilijulikana kwamba PHP, na wiki chache baadaye Java, zilikuwa zinaganda moja kwa moja zikipewa namba kama 2.2250738585072012e-308. Hapo ni mpakani kabisa mwa namba ndogo za kawaida za desimali za biti 64, na msimbo wa kukadiria ulikuwa unazunguka bila kufika mwisho. Fikiria hilo kwa upande wa anayeshambulia: ombi moja fupi, na seva nzima imeshikwa. Watu waliouandika msimbo ule walikuwa mafundi wa kuaminika. Kubadilisha desimali kwenda mfumo wa biti kwa usahihi wa biti ya mwisho ni hesabu ngumu kweli, na anayekuambia ameiandika jioni moja muulize kama ameijaribu kwa namba za mpakani.

Nilichofanya ni kuchukua njia fupi ambayo William Clinger aliieleza mwaka 1990. Ikiwa tarakimu zote za namba, ukizisoma bila nukta, hazizidi 2 kwa kipeo cha 53, na kipeo cha kumi hakizidi 22 juu wala chini, basi zidisha au gawanya mara moja tu na jibu ni sahihi kabisa. Kumi kwa kipeo cha 22 ndiyo ya mwisho inayohifadhika bila kukadiriwa, ndiyo maana mpaka uko hapo. Namba nyingi tunazokutana nazo kwenye JSON, kama latitudo, bei, vipimo vya joto na muda, zinaingia humo. Zilizobaki zinapita njia ndefu ya hesabu za namba kubwa, taratibu lakini bila kubahatisha.

Bado kuna swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu: namba ni nini? Sarufi ya JSON haiweki kikomo cha tarakimu. JavaScript inaweka, kwa sababu kwake kila namba ya kawaida ni ya desimali ya biti 64, na namba nzima inayoaminika huishia 9007199254740991. Ipe 9007199254740993 itakurudishia 9007199254740992, tena bila kupepesa. Mwaka 2010 Twitter walipokuwa wakihamia vitambulisho virefu vya ujumbe walilazimika kuongeza sehemu ya pili, id_str, inayobeba kitambulisho kilekile kama maandishi, kwa sababu vivinjari vingekiharibu kile cha namba.

Msimamo wangu ukawa kwamba maktaba haigeuzi namba mpaka iombwe. Tokeni ya namba inakuambia inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukitaka namba nzima ya biti 64 kuna funksheni yake, na inarudisha kosa kama haienei. Ukitaka desimali iko nyingine. Ukitaka baiti zenyewe uzipeleke kwenye maktaba ya hesabu za fedha, ziko palepale zilipokuwa. Watu waliniuliza kama 1.0 ni namba nzima, na 1e2 je? Nimejibu hapana kwa zote mbili. Si jibu pekee linaloweza kutetewa. Ni jibu linaloelezeka kwa sentensi moja, na hicho nakithamini zaidi.

Stringi nitazipitia haraka kidogo, ingawa zina mtego mmoja ninaoupenda. JSON inaruhusu \u0000 ndani ya stringi. Katika C, baiti ya sifuri ndiyo alama ya mwisho wa maandishi. Maktaba ikitafsiri "msimamizi\u0000x" na kukurudishia kielekezi peke yake bila urefu, ukailinganisha kwa strcmp, funksheni ya C ya kulinganisha maandishi, na "msimamizi", utaambiwa ni sawa. Mfumo mwingine, uliosoma ujumbe uleule kwa lugha isiyo na tabia hiyo, utasema ni maneno mawili tofauti. Kati ya majibu hayo mawili ndipo mtu huingilia mlango usiokuwa wake. Kwa hiyo funksheni zote za stringi katika maktaba yangu hutoa urefu, na hakuna hata moja isiyoutoa. Niliombwa mara nyingi niongeze ile fupi, "kwa urahisi tu". Urahisi huo ndio ahadi nisiyoweza kuitimiza.

Na herufi zilizo nje ya zile 65,536 za kwanza za Unicode, orodha ya herufi za lugha zote, huandikwa kwa vipande viwili. Mfano uliomo kwenye kanuni yenyewe ya JSON, RFC 8259, ni alama ya muziki, "\uD834\uDD1E". Kipande kimoja kikija bila mwenzake, sarufi inakikubali lakini hakimaanishi herufi yoyote, na hakiwezi kuandikwa kihalali katika UTF-8, mfumo wa kuziandika herufi hizo kwa baiti. Kanuni inakiri kwamba hapo programu hutenda kwa namna zisizotabirika. Mimi ninakikataa wakati wa kutafsiri stringi, nikitaja baiti kilipo.

Kina cha muundo kiliniletea furaha ndogo ya kiufundi. Kichanganuzi cha kawaida hujiita chenyewe kila kinapokutana na bano la kufungua. Kipe mabano ya mraba laki moja mfululizo na staki, kumbukumbu ya muda ya funksheni zinazoitwa, inajaa, programu inaanguka. Hilo si jambo la kufikirika: faili la namna hiyo limo kwenye mkusanyiko wa majaribio ambao Nicolas Seriot aliutoa mwaka 2016 alipozipima maktaba za lugha nyingi, na nyingi zilianguka. Ila ukitazama vizuri, kichanganuzi hakihitaji kukumbuka mengi kuhusu ngazi za juu yake. Kinahitaji kujua kitu kimoja: bano nililomo ni la objekti (jozi za jina na thamani) au la orodha? Hiyo ni biti moja. Ngazi 512 zinaenea kwenye baiti 64. Bano likifunguka sukuma biti, likifungwa itoe na uilinganishe. Funksheni haijiiti tena, staki haikui, na ngazi ya 513 inarudisha kosa lenye jina. RFC 8259 ya Desemba 2017 inaruhusu wazi kabisa kuweka kikomo cha kina, kwa hiyo hapo sikuwa nikivunja kitu.

Majaribio ya Seriot, kwa njia, yamepangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la faili: y lazima likubaliwe, n lazima likataliwe, i ni hiari ya mwandishi. Hayo ya i ndiyo yanayosomesha. Kila moja ni mahali ambapo waandishi wawili wenye akili timamu wameachiwa nafasi ya kutofautiana, na mifumo miwili ikitofautiana kuhusu ujumbe mmoja, madhara hutokea.

Majina yanayojirudia ndani ya objekti moja ni mfano ulio wazi. Kanuni inasema majina yanapaswa kuwa ya kipekee, haisemi ni lazima. Mwaka 2017 watunzaji wa hifadhidata ya CouchDB walitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2017-12635. Mtu aliweza kutuma maelezo ya mtumiaji yenye "roles" mara mbili, moja ikiwa na cheo cha msimamizi na nyingine tupu. Sehemu iliyoandikwa kwa JavaScript, iliyokuwa ikikagua ruhusa, iliona ya mwisho, ile tupu, ikapitisha. Sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya Erlang, iliyokuwa ikitumia ruhusa hizo baadaye, iliona ya kwanza. Mtumiaji wa kawaida akawa msimamizi. Kila kichanganuzi kwa upande wake kilikuwa kimefanya jambo linaloruhusiwa.

Baada ya kuusoma mkasa huo nilibadilisha funksheni ya kutafuta jina. Awali ilikuwa ikisimama kwenye jina la kwanza linalolingana. Sasa inaendelea hadi mwisho wa objekti, na ikiliona tena inarudisha kosa. Inagharimu muda kidogo, kwa kuwa kutafuta kwenye tokeni ni kupita moja baada ya nyingine hata hivyo. Baadhi ya watu walilalamika kwamba data zao zina majina yanayojirudia na zimekuwa zikifanya kazi miaka yote. Sina shaka zilikuwa zikifanya kazi.

Kuhusu kasi, nitasema machache kuliko inavyotarajiwa. Tangu 2019 iko simdjson ya Geoff Langdale na Daniel Lemire, inayosoma gigabaiti kwa sekunde kwa kutumia maagizo ya prosesa yanayoshughulikia baiti nyingi kwa mpigo. Anayehitaji hiyo aitumie. Kwenye maktaba ndogo, faida kubwa hupatikana kwa kuepuka upumbavu kuliko kwa kuongeza ujanja. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa Grand Theft Auto Online alichoka kusubiri mchezo upakie, akaufungua kwa zana za uchunguzi. Akakuta unasoma JSON ya takriban megabaiti 10 yenye vitu kama 63,000, kwa kuita sscanf, funksheni ya C ya kusoma maandishi, kwa kila thamani. Na sscanf ile, kila ilipoitwa, ilipima kwanza urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Kusoma tarakimu chache kuligharimu kutembea megabaiti nzima, tena na tena. Alipoziba hapo, pamoja na ukaguzi wa marudio uliokuwa ukipitia orodha nzima kwa kila kitu kipya, muda wa kusubiri ulishuka kwa karibu asilimia 70. Kampuni ilikubali marekebisho na kumlipa dola 10,000.

Kwangu mimi mabadiliko yaliyoonekana kwenye vipimo yalikuwa mawili tu: jedwali la vipengele 256 linaloniambia baiti ni ya kundi gani bila mlolongo wa if, na kuzipita stringi kwa baiti nane kwa pamoja nikitafuta alama ya kunukuu, mkwaju wa nyuma au baiti iliyo chini ya 0x20. Mengine yote niliyoyajaribu yalirefusha msimbo bila kuupa kasi, nikayafuta. Namba ya mstari wa kosa, kwa mfano, haihesabiwi wakati wa kusoma. Kosa likitokea ndipo tunarudi mwanzo kuhesabu mistari, kwa maana hapo hakuna anayeharakisha.

Maombi ya vipengele hayaishi. Lililorudi mara nyingi kuliko yote ni la maelezo ndani ya faili, yaani maneno ya kumsaidia msomaji ambayo kichanganuzi huyaruka, likifuatiwa na koma baada ya kitu cha mwisho.

"Mkuu, weka tu kitufe cha kuruhusu maelezo," mmoja aliniandikia. "Ni mistari kumi, naweza hata kukuandikia."

"Mistari kumi naijua, ndugu yangu," nikamjibu. "Kinachonitisha ni kwamba faili lako litasomeka kwangu, lisisomeke kwa mwenzako."

Douglas Crockford, aliyeipa JSON jina na umbo, alieleza mwaka 2012 kwamba aliyaondoa maelezo makusudi, baada ya kuona watu wakiyatumia kubeba maagizo kwa kichanganuzi. Ushauri wake ni kuyapitisha kwanza kwenye programu ya kuyaondoa. Unaweza kuona ni ukaidi. Mimi naona kwamba ndiyo sababu JSON ya leo inasomeka na msimbo ulioandikwa zaidi ya muongo uliopita. Tena vitufe, yaani chaguo za kuwasha na kuzima, huzaana: vitatu ni namna nane za kuendesha majaribio, vitano ni 32, na hitilafu hujificha kwenye ile namna ambayo hakuna aliyeitumia isipokuwa mtu mmoja kwenye mfumo wa malipo.

Kitu pekee nilichokiongeza bila kuombwa ni programu ndogo inayoirushia maktaba takataka usiku kucha: baiti zilizopinduliwa, faili zilizokatwa katikati, mabano yasiyofungwa, huku kompaila ikiwa imewekewa ukaguzi wa kumbukumbu. Iko nje ya maktaba yenyewe, haimwahidi mtu chochote, na imegundua dosari ambazo jicho langu lisingeziona. Nyingi zilikuwa kwenye baiti ya mwisho kabisa ya maandishi, pale mkwaju wa nyuma unapokuja na hakuna kinachoufuata.

Hivi karibuni nilirekebisha jambo dogo. Stringi isiyofungwa ilikuwa ikiripotiwa kosa mwishoni mwa faili, kwa kuwa huko ndiko kichanganuzi kilikokwamia. Nikalihamisha kosa hadi kwenye alama ya kunukuu iliyofungua, ambako ndiko mtu anataka kutazama. Siku chache baadaye nikapokea ujumbe: kihariri fulani cha msimbo kilikuwa kikitumia mahali pa kosa kutambua kwamba mtumiaji bado anaandika, yaani kosa likiwa mwishoni mwa faili, hakikupigi mstari mwekundu. Sasa kilikuwa kinapiga mstari mwekundu kila unapofungua stringi. Hakuna mahali popote kwenye nyaraka nilipoahidi kosa litakaa wapi. Toleo lililofuata likatoka na namba mbili, mahali kosa lilipoanzia na mahali kusoma kulipokwamia, zote zikiwa zimeandikwa kwenye nyaraka, pamoja na jaribio linalozilinda.